Koti la Bucha na Bendera Moja

Mwenzenu leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. (Si nguo hasa. Nguo nilikuwa nazo, tena na koti juu. Hilo koti lina habari yake, nalifikia.)

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu: ule mpira wa Australia. Mpira wenye umbo la yai, nguzo nne kila upande, unapiga kwa mguu, unadaka kwa mkono, watu wanarukiana mabegani. Niliambukizwa nikisoma Melbourne. Sikuwa na ndugu wala rafiki kule. Bibi mmoja jirani, Mama Joyce, akawa ananigongea mlango kila Jumamosi mchana, tunakwenda uwanjani na chupa yake ya chai. Miaka minne! Leo niko Brussels, nina mke na kitambi, na bado nalala nikiwaza ile timu yetu.

Lakini ligi yenyewe siku hizi inaendeshwa na watu ambao, mimi naona, hawaupendi mpira. Kila mwaka sheria mpya. Mechi zetu za Jumamosi mchana wamezipeleka Jumapili jioni, kisa televisheni. Mama Joyce ana miaka themanini na kitu. Apande treni gani ya kurudi saa hizo? Amekalia benchi lilelile tangu ujana wake, sasa anaambiwa atazame nyumbani. Halafu wakaleta video. Goli linafungwa, uwanja mzima unanyamaza, mnamsubiri jamaa fulani chumbani aangalie picha yenye ukungu, kisha aseme haoni vizuri. Pumbavu kabisa! Inaniuma, jamani, siwafichi.

Basi chama cha mashabiki kikatangaza: leteni barua, ikifika saini hamsini tutaisoma mbele ya wakubwa wa ligi. Orodha inafungwa kesho asubuhi. Barua nimeandika mimi, na jina la kwanza ni la Mama Joyce. Kipengele cha kwanza: video iondolewe, mwamuzi wa goli aaminiwe macho yake. Cha pili: Jumamosi mchana irudi. Sharti la kusaini ni moja tu, uwe umeshatazama angalau mechi moja. Mpaka jana nilikuwa na saini ishirini na tisa.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Kuna timu hapa, Waaustralia wanaofanya kazi mjini pamoja na Wabelgiji wachache, wanacheza mtaa wa Auderghem, kwenye nyasi za karibu na msitu. Wageni wao walitoka Uholanzi. Makapteni wote wawili walishaniambia, "Mechi ikiisha tunasaini wote." Nikahesabu vichwa, nikaona hamsini hiyo inapita. Nikamwandikia kabisa Mama Joyce: "Leo tunamaliza." (Kiherehere.)

Nilimchukua na Tonton Kalenga, mjomba wa mke wangu, mtu wa Lubumbashi mwenye bucha mtaa wa Molenbeek. Nilitaka naye atazame mechi ili asaini. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, koti jeupe mwilini, simu mpya mkononi.

Kufika tu, Darren, kapteni wetu, akanijia mbio.

"Mwamuzi wa goli anaumwa. Wewe si ndiye unayewasema waamuzi kila wiki? Shika bendera."

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Mimi nilisema, "Hatimaye!"

Mwamuzi wa goli huvaa koti jeupe, na lao halikuonekana. Tonton akavua lake. "Vala hii, bokilo. Iko propre." Bokilo ndiyo mkwe. Propre ndiyo safi, na lile koti lilikuwa na damu ya mbuzi mfukoni.

Kazi yenyewe ni hivi. Unasimama kati ya nguzo mbili za katikati (zetu ni mabomba ya plastiki). Mpira ukipita hapo katikati safi, unapunga bendera mbili, pointi sita. Ukigusa nguzo, au ukipita pembeni, unapunga bendera moja, pointi moja. Hakuna kingine. Unatazama mpira, basi.

Na nilitazama! Robo tatu nzima za mwanzo (mechi ina robo nne) nilikuwa wima kama mlinzi wa benki. Nikipunga bendera napunga kwa mbwembwe, na Wabelgiji wakapiga makofi. Nikawaza, laiti wakubwa wa ligi wangeniona.

Tonton alikuwa nyuma yangu, pembeni kidogo, anarekodi, na maswali hayamwishi. Dakika ya mwisho sisi tunaongoza kwa pointi tatu. Mpira uko katikati ya uwanja, mbali kabisa.

"Lakini bokilo, juu ya nini hamupendi video? Miye naona ni kintu muzuri."

Nikageuka. Mungu anisamehe, niligeuka mwili mzima, nikainua kidole.

"Tonton, video ni ya mwamuzi asiye na macho. Mwamuzi wa kweli haondoi macho yake kwenye mpira hata sekunde mo..."

Nikasikia kelele. Nikageuka tena. Mpira ulikuwa umeshapita, unadunda nyasini kuelekea msituni. Wachezaji wote wananitazama mimi. Refa wa kati ananitazama mimi.

Sikuona kitu. Wallahi sikuona hata kivuli chake.

Pointi sita, tumefungwa. Pointi moja, tumeshinda. Nikakaza uso nikapunga bendera moja, taratibu, kwa heshima zote.

Wageni walilipuka. "Umepita katikati!" Nikatikisa kichwa: umegusa nguzo. (Nguzo gani? Nilikuwa sijui.) Nikamtazama Darren anitetee. Darren alikuwa anatazama viatu vyake.

Na hapo Tonton, kwa sauti yake ya kuitia wateja, akasema, "Attendez! Miye nilifilmer yote! Kuya muangarie!" (Yaani ngojeni, amerekodi yote, njooni mtazame.)

Watu zaidi ya ishirini wakaizunguka simu ya bucha. Siwezi kuwaeleza picha ilivyokuwa nzuri. Haikuwa na ukungu hata kidogo. Mgongo wangu hauonekani, kwa sababu nimeipa kamera uso. Kidole kiko juu, mdomo uko wazi. Na nyuma ya kichwa changu, polepole, mpira unapita katikati ya mabomba mawili, haujagusa chochote.

"Anasema nini hapo?" Mbelgiji mmoja akauliza kwa Kifaransa.

Tonton akamtafsiria, neno kwa neno, mpaka na sekunde. Mbelgiji akawatafsiria Waaustralia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikamwambia refa ukweli: sikuona, nilibahatisha, samahani. Nikapunga bendera mbili. Tukafungwa.

Nikatoa barua yangu. (Ndiyo, bado niliitoa. Nilikuwa na haja.) Kapteni wa wageni akasoma kipengele cha kwanza, akanitazama, akalitazama koti, akanirudishia kalamu. Darren hata hakuisoma. Aliyesaini ni Tonton peke yake, kwa herufi kubwa.

Kwenye metro ujumbe ukaingia simuni. Kule kwao ilikuwa usiku tayari, na Mama Joyce alikuwa anangoja.

"Wangapi?"

"Mmoja," nikamwandikia, kisha nikamweleza yote, hata bendera moja.

Jibu lake lilinikuta nashuka Saint-Josse.

"Na ulikiri palepale, mbele yao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umewashinda. Mimi nimewaandikia wale wakubwa barua ngapi, hawajakiri kosa hata siku moja. Nakwenda kulala, mwanangu. Kesho timu yetu inacheza jioni. Sitakwenda."

Nimekaa hapa na lile koti, nimeshindwa hata kulifua. Nilichowalaumu wale watu miaka yote, kubahatisha halafu kukaza uso, nimekifanya mwenyewe kwa dakika moja na kumnyima bibi wa watu benchi lake.

Kipengele cha kwanza nimekifuta. Cha Jumamosi mchana kipo palepale. Saini ni thelathini, bado ishirini, na sharti ni uwe umeshatazama mechi moja. Hii niliyowasimulia nimeamua inahesabika. Kwa hiyo chekeni, ruksa, lakini kila anayecheka aache jina lake hapo chini.