Msemaji Niliyemchagua Mwenyewe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Upuuzi umeingia shuleni. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi, mwanafunzi mmoja atasimama kuwasemea wenzake. Wazo la Madam Caroline, bila shaka. Miaka miwili kazini, tayari anatufundisha ualimu. Anasema watoto wana sauti. Najua wanayo! Naisikia kwenye foleni ya chakula na inanitosha.
Hatari ipo. Kidato cha Tatu hunivunia viazi alasiri, wakati wa kipindi changu cha hesabu. Shamba ni langu, nyuma tu ya ua wa shule. Mimi naliita somo la kilimo. Hapa Kibirichia nani atalalamikia kiazi? Ila mmoja akifungua mdomo, unaibu wangu umekwisha.
Nikajitolea kuchagua msemaji. Igoki, binti wa Kidato cha Tatu! Tangu Kidato cha Kwanza hajainua mkono. Akiitwa jina hutazama viatu. Wengine tumezaliwa na akili.

Jumanne, 15 Julai
Nimemsimamisha Igoki mbele ya paredi, aseme lolote. Akataja jina lake, akasahau la baba yake. Shule nzima ikacheka. Nimeamuru iwe kila asubuhi, hofu imkolee kabisa. Caroline akanishukuru kwa kumpa mtoto mazoezi. Digrii nzima, kichwa kitupu.

Jumatano, 16 Julai
Igoki kafika sentensi nne. Vicheko vimepungua. Ni baridi tu, midomo imewaganda.
Shambani wamejipanga ajabu. Igoki mwisho mmoja wa tuta, wenzake mwisho wa pili, wanamwambia hawamsikii, apaze. Akapaza. Sijui alisema nini, nilikuwa nahesabu magunia. Kumi na moja! Nimewaruhusu wapige kelele watakavyo.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwandikia hotuba: asante walimu, asante wapishi, Mungu awabariki. Ameipokea kwa mikono miwili, akanitazama usoni. Usoni! Sikupenda.

Ijumaa, 18 Julai
Balaa. Igoki amesimama, akaikunja hotuba yangu, akaitia mfukoni mwa sweta. Akatazama viatu. Nikafurahi mapema. Kisha akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa pili wa tuta:
"Wazazi wetu, muhula huu tumevuna viazi vya Deputy siku kumi na tisa. Hesabu tumesoma siku sita. Hizi waru, viazi, tunajua kuchimba tangu nyumbani. Hapa tulikuja kutafuta ile hatujui. Kama nadanganya, wenzangu wakae chini."
Nikageuka: darasa zima lilikuwa limesimama nyuma yake, na hakuna aliyekaa. Hata Mwenda, ambaye huomba ruhusa ya kwenda chooni kwa ishara.
Baba yake Igoki, Mzee Runji, akainuka taratibu. Akauliza kama ni yale matuta ya nyuma ya ua. Nikakubali. Akasema viazi vyake vinaoza ardhini kwa kukosa watu, kwa sababu alikataa kumtoa binti yake darasani hata siku moja. Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Nilitazama viatu vyangu mpaka akamaliza.

Jumamosi, 19 Julai
Adhabu ya Mwalimu Mkuu: nawafundisha Kidato cha Tatu vipindi vyote walivyokosa, Jumamosi pia. Igoki leo kainua mkono mara nne. Mara mbili alinisahihisha. Baadaye nikachimba viazi mwenyewe. Gunia moja, mgongo umekatika.
Unaibu wangu utaamuliwa kwenye mkutano wa wazazi wa tarehe 30. Mwanafunzi mwingine atasimama kueleza kama nimebadilika. Mwalimu Mkuu akauliza nani atamtayarisha. Nikajitolea. Caroline akaniunga mkono upesi, akasema shule hii haina mtayarishaji kunishinda. Hatimaye ameniheshimu!
Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Igoki hakuwa mwoga vya kutosha. Safari hii ni Mwenda. Jumatatu anaanza paredi.