Nilivyopanga Upya Majina ya Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi
Upenyo huu hapa! Mganga mkuu kasema Ijumaa atateua mkuu wa kompyuta za hospitali. Ni mimi au Tai Nyembamba, yule kijana wa shahada anayejinyonga kwa tai kila siku. Shahada! Mimi niliishia darasa la saba, na kompyuta zinaniogopa. Ile ya masjala inaomba kusasisha maktaba yake, yaani programu yake ya kupanga majina kwa herufi. Mpwa wangu, fundi wa hifadhidata, kanionya kwa simu nisiguse watu wakiwa dirishani, nijaribu kwanza kwenye nakala. Nakala! Simba hajifunzi kuwinda kwa swala wa karatasi. Nimebonyeza.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Imewaka. Ila wagonjwa wengine hawaonekani. Karani kamwambia mzee mmoja kwamba hayumo. Mzee akauliza, kama hayumo, mgongo huu unaomuuma ni wa nani? Foleni nzima ikacheka. Nikaamuru wote waandikishwe upya. Tai Nyembamba akanuna. Kijicho hicho.

Jumatano, 5 Machi
Orodha imenenepa! Nimemtangazia mganga mkuu kwamba chini yangu wagonjwa wameongezeka. Kanitazama sana. Nadhani kwa heshima.
Mchana, kizaazaa. Mzee wa mgongo nusura achomwe sindano inayomdhuru. Onyo limo kwenye jalada la zamani, lisiloonekana. Muuguzi alimkumbuka kwa sura. Jasho lilinitiririka. Joto tu, chumba hakina feni.

Alhamisi, 6 Machi
Mpwa kaja mwenyewe. Kumbe hakuna aliyepotea. Maktaba mpya inapanga majina kwa utaratibu wake, faharasa, yaani orodha ya kuonyesha jalada liko rafu gani, bado ya utaratibu wa zamani. Kompyuta inamtafuta mtu kwenye rafu asiyokaa. Kaunganisha majalada pacha ya walioandikishwa upya, kisha akajenga faharasa upya, mojamoja, dirisha likiwa wazi na wagonjwa wakihudumiwa. Kaniambia, Mjomba, kichwa chako na kidole chako havijasalimiana. Mimi nilishikilia plagi isichomoke. Bila plagi kuna kazi hapo?

Ijumaa, 7 Machi
Mganga mkuu kataka maelezo. Tai Nyembamba kaanza na "kinadharia", mkubwa akapiga mwayo. Nikaingia na rafu na faharasa, kama nimezizaa mimi. Nimeteuliwa! Tai Nyembamba kanipa mkono baridi kama samaki.
Sasa kompyuta ya dirisha la dawa nayo inaomba sasisho lilelile. Foleni imefika mlangoni. Mpwa hapokei simu. Afadhali, mkuu haombi ruhusa. Wa kwanza dirishani ni mzee wa mgongo, anauliza kama leo yumo. Nimemwambia asiwe na shaka, mkuu yupo.
Nimebonyeza.