Mvua Iende kwa Adero

Jumanne, 11 Machi 2025
Dhuluma! Jirani yetu Adero kaanika muhogo wake kwenye nusu nzima ya jiwe pana lililo nyuma ya nyumba, tena nusu yenye jua zuri. Eti jiwe ni la wote. Tangu lini? Jumamosi wakwe watarajiwa wanatoka Matongo kuja kumposa binti yangu Lilian, na mke wangu Veronika kaapa hawapikii ugali wa unga wa dukani. Udaga wetu, muhogo wa kusaga unga, usipokauka naumbuka mbele ya watu wa ng'ombe wa mahari!

Jumatano, 12 Machi
Redio imenifumbua macho. Mtaalamu kasema jua halipashi joto kila mahali sawasawa. Nchi kavu hupata joto upesi, ziwa huchelewa. Hewa ya moto hupanda, ile ya ziwani huja na unyevu wake kushika nafasi, ikigonga milima yetu inakuwa wingu. Kumbe ndiyo maana tunanyeshewa alasiri! Tena kitu cheusi hushika joto kuliko cheupe. Nimeelewa kumzidi yeye. Nikiupasha moto upande wa Adero, mvua itakwenda huko.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwazima Adero turubai letu jeusi aanikie muhogo wake. Udaga wetu nimeuhamishia kwenye viroba vyeupe. Adero kanishukuru, kaniombea baraka, mpaka nikaona haya. Kidogo. Alasiri upepo wa ziwani ukaja, mawingu yakaja, nikasimama mlangoni nikicheka. Mvua ikapiga jiwe zima! Haina adabu. Udaga wa Adero ulikuwa umeshakauka kwa joto lile, akaukunjia turubai langu, basi. Wetu umeloa chapachapa. Veronika kauliza turubai liko wapi. Nikamwambia haya ni mambo ya sayansi.

Jumamosi, 15 Machi
Wageni wamekula unga wa Adero! Veronika kaenda kuomba, hakuniuliza. Mkwe mtarajiwa, Mzee Wangwe, kaongeza ugali mara mbili, kataka kumjua aliyeanika udaga mweupe namna ile. Adero akaitwa. Nikaambiwa nisogee apate kukaa. Mimi, baba wa binti, kwangu!

Jumapili, 16 Machi
Nimelitafuta kosa na nimelipata. Turubai lilikuwa dogo, wingu haliwezi kuhangaika na kitu cha ukubwa ule. Lakini paa la Adero ni pana. Nimempelekea debe la rangi nyeusi, nikasema ni asante ya unga. Kalia kwa furaha. Kesho napanda mwenyewe kumpakia.