Daktari Aliyefutika na Mgonjwa Wake

Redio si jina lake, lakini ukimwita jina lake haitiki. Kila mchana hukaa kwenye benchi la saluni ya Wembe, simu puani, akiwasomea wenzake habari ambazo hakuna aliyeziomba. Mchana huo alianza kabla hata makalio hayajagusa benchi.

"Sikilizeni vituko! Hospitali inatangaza kwamba wagonjwa wote wa kliniki ya macho hawaonekani kwenye mfumo. Upasuaji wa kesho umesimamishwa mpaka wajisajili upya!"

Wembe alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja. Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa apasuliwe jicho kesho asubuhi. Tangu mwaka jana anangoja zamu, na siku hizi akitaka kujua ni mwanawe yupi kaingia nyumbani, humpapasa uso kwanza.

"Redio, rudia."

"Nirudie nini, kaka? Wagonjwa hawamo. Na hapa chini wanasema daktari bingwa naye hayumo."

Wote wakamgeukia mteja aliyekuwa kitini. Huyo ni Injinia, fundi wa kompyuta, na mfumo wa hospitali ni kazi ya mikono yake. Mtaa mzima unajua, maana ameutangaza kuliko hospitali yenyewe. Alijaribu kuinuka, lakini Wembe akamkandamiza bega.

"Tulia. Si ulisema mfumo wako hata tetemeko haliutikisi?"

"Mfumo haujaharibika," Injinia alisema kwa sauti ya mtu anayefundisha chekechea. "Umefanya kile kile nilichouambia."

"Basi aliyeharibika ni wewe," alidakia Bi Pasi, dobi wa mlango wa pili, bila kuinua macho kwenye shati alilokuwa akilinyoosha.

"Mama, hamwezi kuelewa. Ninatumia zana ya Paitoni, ile lugha ya kuandikia programu, inazungumza na hifadhidata kwa niaba yangu. Mimi naieleza mahusiano tu: mgonjwa huyu ni wa daktari yule. Kisha nikaiambia, ukimfuta mmoja, futa na aliyefungamana naye. Usafi, yasibaki mabaki."

"Na leo kimefutwa nini?" aliuliza Wembe.

"Kuna mgonjwa kahamia mji mwingine. Wakamfuta."

"Na daktari?"

"Alikuwa amefungamana na mgonjwa."

"Na mama yangu?"

"Alikuwa amefungamana na daktari."

Wembe alivuta pumzi ndefu. "Ngoja nikuelewe. Mteja wangu mmoja akihama mtaa, mimi natimuliwa kwenye saluni yangu mwenyewe. Halafu kwa kuwa kinyozi hayupo, wateja wote waliobaki wanatupwa nje na vichwa vyao?"

"Kitaalamu, ndiyo."

"Hukuijaribu hiyo kitaalamu yako?"

"Niliijaribu! Nikaandika mgonjwa wa kubuni, nikamfuta, akatoka safi kabisa."

"Huyo mgonjwa wa kubuni alikuwa na daktari?" aliuliza Redio.

Injinia alijikuna upande wa kichwa uliokwisha nyolewa. "Daktari wa nini? Hakuwa anaumwa."

Bi Pasi alicheka mpaka pasi ikaunguza kola. Hakujali. "Hebu niambie, mwanangu. Hiyo zana yako haikuonyeshi inachouliza na inachofuta?"

"Inaonyesha, ukiiwasha. Inakuchapia kila swali na kila amri. Niliizima, ilikuwa inajaza skrini."

"Yaani ilikuwa ikikupigia kelele kwamba daktari anakwenda na maji, ukaiambia inyamaze, unapigiwa kelele!"

"Wataalamu hatukai kukodolea macho kila swali, mama. Tunaamini zana."

Hasira zilimpanda Wembe, na chini ya hasira ilikuwapo hofu tupu. Akilini alimwona mama yake akijisajili upya, akisukumwa mwisho wa foleni, akingoja mwaka mwingine gizani. Akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Sikunyoi. Fungua hiyo kompyuta uliyokuja nayo, umrudishe mama yangu, ndipo nitakapoumalizia upande wa pili."

Kwa nusu ile ya kichwa Injinia asingethubutu hata kuvuka barabara. Akaifungua kompyuta mapajani, akatafuta nakala ya akiba ya hifadhidata, akairudisha yote. Wembe akapiga simu hospitali, akaiweka kwenye spika.

"Yupo," alisema dada wa mapokezi. "Na daktari yupo. Mlete mama kesho asubuhi."

Benchi zima lilishangilia. Wembe alimkumbatia Redio, ambaye hakufanya lolote, kisha akachomeka waya, akaanza kukimalizia kile kichwa kwa upole ambao hakikuustahili. Kama Injinia angeifunga kompyuta hapo, angekwenda zake akiwa shujaa. Lakini sifa zilimwasha.

"Sasa natibu mzizi," alitangaza, vidole vikiruka juu ya vitufe. "Tatizo mahusiano yalikuwa machache. Nimefunganisha kila kitu. Daktari na kliniki, kliniki na hospitali, hospitali na wafanyakazi wake, hadi ile nakala ya akiba nimeifunga humo humo. Hakuna atakayepotea peke yake!"

"Washa hicho kitu cha kuonyesha amri," alisema Bi Pasi.

"Mama, mimi si mwanafunzi. Tena safari hii mgonjwa wa kubuni nimempa daktari kama mlivyotaka. Tazameni, namfuta."

Akabonyeza. Akatabasamu.

Simu ya Wembe ikaita. Alikuwa yule dada wa mapokezi.

"Kaka, mama yako hayumo tena. Daktari hayumo. Kliniki haimo. Mfumo unasema hospitali hii haijawahi kuwepo. Na mimi ninayekupigia, nimeandika jina langu nikaambiwa sijulikani."

Hakuna aliyecheka. Wembe aliizima mashine, akamvua Injinia kile kitambaa cha shingoni, akamwonyesha mlango.

"Kesho namchukua mama, nampeleka mwenyewe," alisema. "Daktari anamjua kwa sura. Atampasua bila kumuuliza Paitoni."

"Hamtafika kwa daktari," Injinia alisema toka mlangoni, mkono ukifunika mabaka ya nywele zisizomalizwa kisogoni. "Mlinzi wa getini hamruhusu mtu asiyekuwemo kwenye mfumo."

Wembe alishaanza kufagia nywele.

"Mlinzi yupi, Injinia? Si umemfuta?"