Ngolo 612 Zilizofukiwa kwa Ajili ya Mwaka 2073

Mbinga, 1 Desemba 2025

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Miaka Mia ya Makao Makuu, Tawi la Mlimani.

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, nikiwa msibani Lipingo, nilipoteza ngolo 612. Kwa kuwa wewe, ndugu Hamphrey, umehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, nakueleza kwa heshima: ngolo ni yale mashimo tunayochimba kwa mistari mlimani na kupanda pembeni yake, ili mvua itulie humo isiondoke na udongo. Hayakuwa ajali. Niliyachimba mwenyewe, bila mume na bila mfadhili. Kamati yako imeyafukia ili ipate uwanja wa mazoezi ya halaiki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nchi iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973. Miaka mia itatimia 2073. Imebaki 48. Nilipokuja ofisini kuuliza haraka ya nini, ulinijibu, "Mama, tukichelewa utakuwa wa kwanza kutucheka." Sijacheka.

2. Watoto wa halaiki ya 2073 hawajazaliwa. Wazazi wao ndio kwanza wako darasa la tatu. Kwa hiyo darasa la tatu wanaruka kwa niaba ya watoto wao, na Mwalimu Othmar anawakaripia kwa makosa ya watoto hao.

3. Uwanja wenyewe haupo. Mvua ya tarehe 19 iliuteremsha hatua 90, hadi kwenye kahawa ya jirani yangu Clemence. Alinipigia simu: "Dada Restituta, shamba lako limekuja kunisalimia. Nilikaribishe ndani?" Mbegu yangu ya mahindi iko kwenye debe, na zile ngolo 300 zilizobaki upande wa kushoto haziitoshi.

4. Nimepiga hesabu. Kutoka kwangu hadi ziwani, pale Mbaha, ni hatua 63,000. Kwa hatua 90 kila mvua kubwa, ni mvua 700. Huku tunapata mvua kubwa 70 kwa mwaka. Mwaka 2035 shamba langu litaingia Ziwa Nyasa, na siku ya sherehe litakuwa limekaa majini miaka 38. Naomba kujua kama nitalilima kwa jembe au kwa leseni ya uvuvi.

5. Kama sherehe ya 2073 inaweza kuanza leo, basi na mavuno yangu ya hadi 2073 yaanze leo. Gunia 9 kwa mwaka, mara miaka 48, ni gunia 432. Nitazipokea mlangoni, zikiwa kavu.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto nyumbani, na aliyeshika koleo siku ile.

Ni mimi, mwananchi wako niliyebaki na jembe,
Restituta Kinunda

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mgambo Methodi ameniletea barua yako ya kuniteua Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mapokezi ya Wageni, 2073. Nitakuwa na miaka 104. Nimekubali. Namba 1 hadi 5 zifutwe. Zile ngolo 300 zilizobaki upande wa kushoto nazo zifukieni, wageni wasije wakajikwaa. Ila barua haisemi kama nitakaa jukwaa kuu au hemani na wananchi. Nijibu neno moja tu, jukwaa au hema, kabla ya saa sita mchana Jumamosi, tarehe 6 Desemba. Fundi amekwisha kunipima kitenge.