Watu Wangu wa Linux

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha asubuhi. Kampuni yetu inatengeneza programu ya kutunza maneno ya siri ya watu, na tunajisifu kwa jambo moja: hatumchungulii mteja. Hatujui yuko wapi wala anatumia kompyuta gani. Leo sifa hiyo imenigeuka. Nilisema toleo la Linux, ule mfumo huru wa kompyuta usiomilikiwa na kampuni yoyote, litangulie mengine, maana watu wa Linux ndio waliokimbia kuchunguliwa. Tukiwafungia mlango wao, tunamlinda nani? Nilisema vizuri sana. Asali akauliza, "Kwani wako wangapi, mpenzi?" Kicheko chumba kizima! (Asali hujibu barua za wateja. Jina amelipata kwa ulimi wake.) Bosi akataka ushahidi kabla ya Ijumaa. Linux ikipita, timu mpya itapata kiongozi. Kiongozi! Nani kama si mimi? Humu ndani natumia Linux peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Ikiwa hatuwezi kuwahesabu wateja, hatuwezi pia kukanusha kwamba wapo. Wakati wa chakula nilijifungia stoo nikaandika barua pepe za watu wa Linux, kila mmoja na anwani yake: mwanafunzi mwenye hasira, daktari wa meno, mwalimu mstaafu anayelea wajukuu na kufufua kompyuta kuukuu. Wote wanalilia toleo lao. Si uongo. Watu kama hao wapo. Nimewasaidia tu kusema.

Jumatano, 5 Machi
Asali amewajibu wote! Mwanafunzi katulizwa. Daktari kachekeshwa. Mstaafu kaulizwa hali ya wajukuu, kaitwa "baba yangu". Mimi nakaa naye meza moja, hajawahi kuniuliza hata nimeamkaje. Nikamwandikia kwa ukali, kama mstaafu. Akaomba radhi vizuri hadi nikamwandikia kwamba nimemsamehe. Kisha nikakasirika upya, safari hii kwa niaba yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Asali amenisogezea kiti. Eti shoga, nilikosea, watu wako wa Linux ni watu wa maana, hasa kuna mzee mmoja, busara tupu! Nikamwambia wazee wa kwenye barua ni waongo. Akasema nina roho ya kwa nini.
Nyumbani nikamweleza dada. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani unamwonea wivu babu uliyemzaa mwenyewe?" Dada haelewi mambo ya kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! Bosi kasoma barua mbele ya wote. Anasema kampuni ya faragha inayowaacha watu hawa nje ni sawa na mlinzi anayewafungia nje wenye nyumba. Linux inatangulia! Nikainuka nusu, nikanyoosha blauzi. Bosi akaendelea: kiongozi ni Asali. Wateja hawa wanampenda. Mstaafu mwenyewe ameandika kwamba binti huyu ni tunu. Niliandika kwa adabu tu! Kazi yangu itakuwa kupima toleo, chini ya Asali. Nikakaa. Nikapiga makofi. Viganja bado vinawaka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Nilikosea mahali pamoja tu: mstaafu sikumpa mke. Mwanamume mpweke hulainika upesi. Jumatatu mkewe atarudi kutoka safari, atazikuta barua za "baba yangu", na atamwandikia bosi moja kwa moja. Ni mwanamke mwenye wivu wa kupindukia. Mimi tabia hiyo sina, lakini nitajitahidi kuipata sauti yake.