Pikipiki Mpya na Mwendo wa Thelathini

Leo nimeaibika, jamani. Naandika kwa hasira, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie. Mimi nimeishia darasa la nne.

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka tisa. Baba akafariki, shida zikaanza. Nimechunga mbuzi wa watu. Nimebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka kijijini kwetu Akheri mpaka sokoni. Enzi za ruksa zilipokuja, mitumba ikaruhusiwa, nikavaa shati la mtumba, kiatu cha mtumba, na nikanunua pikipiki ya mtumba. Pikipiki ile ilikunywa oili kuliko petroli! Fundi akaniambia mmiliki wa kwanza aliiua injini ingali mpya. Miaka kumi na tano nimevuta moshi wa dhambi za mtu nisiyemjua. Nikaapa: nikinunua mpya, haiuliwi.

Leo asubuhi nimenunua mpya. Siti bado ina nailoni yake (na nailoni haitoki leo wala kesho). Nilikwenda mjini kuichukua nimevaa koti langu jeusi la kanisani, maana jambo kama hilo huliendei na kandambili.

Fundi wa pale dukani, kijana mdogo, akanipa masharti.

"Mzee wangu, injini mpya ni kama ng'ombe wa kulima, inazoeshwa polepole. Kilomita elfu moja za kwanza usizidi arobaini. Usipige resi. Na uwe unaipumzisha, ipoe."

"Nikizidi?"

"Itatoa moshi mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka. Sema vizuri."

"Itakufa, mzee."

Sawa. Yeye kasema arobaini, mimi nikaamua thelathini. Mtu mzima huweka akiba.

Kwenye lami nilipigiwa honi na kutukanwa na kila mwenye usukani. Nikabaki thelathini. Nilipoingia barabara ya kupanda Akheri kulikuwa na ukungu, nikawasha taa. Pembeni ni mawe matupu, nikashika katikati. Nyuma yangu ikaja pikapu imebeba kwaya, nayo imewasha taa. Nyuma ya pikapu gari dogo, kisha jingine, kisha lori la mchanga. Wote taa. Hakuna wa kunipita. Kwaya wakachoka kupiga kelele, wakaanza kuimba. Wimbo wa polepole, wa sauti nne.

Hapo ndipo nilipoona ajabu. Watu barabarani walikuwa wanasimama! Mzee mmoja akavua kofia. Mama muuza parachichi akainamisha kichwa. Nikasema moyoni: leo hatimaye wameheshimu jasho la mtu. Nikawapungia mkono (Mungu wangu, nikawapungia mkono!).

Bibi mmoja akasema, "Pole baba. Mungu ni mwema."

"Mwema sana!" nikamjibu, nikapiga honi.

Kwenye njia panda kwaya na magari yote wakakata kushoto kwenda kanisani. Mimi nikakumbuka kule kuipumzisha injini. Nikaisukuma pikipiki ndani ya shamba la kahawa, mbali na macho ya kijicho, nikakaa nayo saa nzima. Simu ilikuwa imekwisha chaji. Sikuhitaji simu. Nilikuwa na pikipiki.

Kwangu ni bondeni. Nilipofika juu ya mteremko nikazima injini nikaiacha ishuke yenyewe, isichoke. Kwa hiyo hakuna aliyenisikia.

Uwanja wangu umejaa watu! Mabenchi yametolewa. Sufuria kubwa la makande, mahindi na maharage, ndiyo kwanza limebandikwa motoni, tena mahindi ni yangu, niliyajua kwa rangi. Ndani wanawake wanalia. Nikamgusa jamaa wa nyuma kabisa.

"Nani amefariki?"

Hakugeuka. "Baba Eliya. Pikipiki."

Baba Eliya ni mimi.

"Baba Eliya yupi?"

"Yule mkali."

Baadaye ndiyo nimeelezwa. Shangazi yake mke wangu, aliyeko kule chini barabarani, aliona taa, koti jeusi na kwaya, akapiga simu: "Msafara wa msiba unapanda huko kwenu!" Mke wangu, anayejua nimefuata pikipiki mjini, akanipigia, simu haipatikani. Akapiga yowe. Kijiji hakikuhitaji ushahidi mwingine.

Mbele amesimama Simeoni, mzee wa kanisa na jirani yangu, yule anayekula mpaka wa shamba langu kila msimu wa mvua. Biblia mkononi. Anasema kwa huzuni ya kuazima:

"Marehemu alikuwa mchapakazi. Lakini wapendwa, tuseme kweli. Alipenda mwendo. Mwendo kasi ndio umemuua."

Mwendo kasi! Mimi! Niliyepitwa na mwanamke mwenye punda!

"Thelathini!" nikanguruma. "Thelathini, Simeoni! Tangu mjini!"

Benchi likapinduka. Mke wangu akatoka ndani, akanitazama juu mpaka chini, machozi hayajakauka.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Naipoza injini!"

"Shindwa, pepo!" Simeoni akapiga kelele, huyo, anakimbilia migombani.

Jamani, hasira. Nilipiga kiki, nikatia gia ya kwanza, nikavuta resi mpaka mwisho nimfuate. Injini ikalia kama nguruwe anayechinjwa. Nilikwenda hatua ishirini tu. Tairi la mbele likaingia kwenye makande, mimi nikafuata. Pikipiki ikalala ubavu, resi imenasa, gurudumu linazunguka hewani, inapiga kelele na watu wote wanatazama, mpaka ikakohoa. Ukatoka moshi. Wa buluu. Moshi ule ule ninaoufahamu.

Aliyeizima ni Simeoni. Alirudi mwenyewe, akageuza ufunguo, akaniuliza kwa upole: "Hiyo nayo ilikuwa thelathini?"

Basi. Leo hii ninamiliki shamba la kahawa na migomba, nyumba ya matofali yenye vyumba vitano, ng'ombe watatu wa maziwa, mashine ya kusaga, koti jeusi lenye maharage mfukoni, na pikipiki mpya ya kilomita kumi na tisa inayotoa moshi kama lori. Nailoni bado ipo kwenye siti.

Atakayecheka asije kuniomba lifti.